KAZI NI KAZI: UJIRA WA WENYE ULEMAVU WA AKILI

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu tunamfahamu kijana wa namna hii. Kusoma hajui, kuhesabu kunamshinda, lakini mpe jembe au mzigo, kazi ataimaliza. Siku ya mshahara sisi tunapanga foleni, yeye anapewa sahani ya ugali na shati kuukuu. Akiuliza mtu, tunajibu: "Huyo anasaidiwa tu." Leo tutazame neno hilo "kusaidiwa" lilivyotumika huko Marekani.

Mwaka 1848 Daktari Samuel Howe alianzisha shule mjini Boston kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Shabaha yake ilikuwa njema: wafundishwe kujitunza na kufanya kazi, kisha warudi kwao. Lakini baadaye majimbo yalijenga majumba makubwa ya kuwaweka watu hao, na wengi waliingia wakiwa watoto wakazeekea humo.

Sasa, nani alilima chakula cha majumba hayo? Nani alikamua ng'ombe, akafua nguo, akawalisha wasiojiweza? Ni wao wenyewe, na mara nyingi bila hata senti. Wakubwa waliita kazi hiyo mafunzo. Basi aliyefanya kazi vizuri ndiye aliyekuwa mgumu kuachiwa, maana akiondoka lazima aajiriwe mtu wa mshahara.

Mwaka 1938 Marekani ilitunga sheria ya kima cha chini cha mshahara. Humo humo kikawekwa kifungu cha kumruhusu mwajiri mwenye kibali kumlipa mlemavu chini ya kima hicho. Mwaka 1973 mahakama mjini Washington iliamua kwamba wanaofanya kazi katika majumba ya serikali nao ni wafanyakazi, na sheria ya mshahara inawahusu. Je, wakalipwa? Majumba mengi yaliona afadhali kuwaachisha kazi kuliko kuwalipa.

Unyonyaji haukuishia hapo. Katika jimbo la Iowa, tangu miaka ya 1970, kampuni moja iliwaleta wanaume waliotoka katika majumba ya Texas ili wafanye kazi kwenye kiwanda cha kuchinja batamzinga. Walilazwa katika shule kuukuu iliyojaa mende. Kila mmoja alipewa dola 65 kwa mwezi, wakati wenzao wa kazi hiyo hiyo walikuwa wakipata dola 11 au 12 kwa saa. Meza moja, kisu kimoja, mishahara miwili! Mambo hayo yalifichuka mwaka 2009. Mwaka 2013 baraza la mahakama liliwapa wanaume 32 fidia ya dola milioni 240, lakini kwa kuwa sheria inaweka kikomo cha fidia, ikashushwa hadi milioni 1.6.

Mapambano yanaendelea. Mwaka 2015 jimbo la New Hampshire lilipiga marufuku ujira wa chini ya kima kwa walemavu, na majimbo mengine yakafuata.

Ndugu, msidhani hili ni jambo la huruma peke yake. Mwajiri akimpata mtu mmoja wa bure, amepata kamba ya kuwavutia chini na wengine wote. Kwa hiyo yule kijana wa shambani kwenu aandikwe katika daftari kama wengine. Apewe kazi anayoiweza, alipwe kwa kiwango kile kile, na fedha atiwe mkononi mwake. Asipoandikwa, mwelezeni katibu wa tawi. Jasho lake halina tofauti na lenu.

Umoja ni nguvu.