Hic sunt reliquias: Sarufi ya Lebo za Masalia ya Watakatifu, Karne ya 7 hadi ya 9

Katika maandishi ya Kilatini yaliyotufikia kutoka Ulaya ya karne ya 7 na ya 8, ni machache yaliyo mafupi na duni kwa sura kama lebo zilizofungwa kwenye masalia ya watakatifu. Ni vipande vya ngozi ya kuandikia, vingi vyembamba mithili ya utepe, vyenye mstari mmoja au miwili ya wino. Kila kipande kiliambatishwa kwenye kifurushi kidogo cha hariri au kitani, na humo ndani mlikuwa na kipande cha mfupa, au uzi wa vazi, au kijiwe, au vumbi tu. Wanahistoria wa kanisa na wataalamu wa miandiko ya kale wamezichunguza lebo hizi kwa muda mrefu. Makala haya yanaziangalia kwa jicho la mwanaisimu, na hasa yanakusudia kulitetea neno moja ambalo wengi walilihesabu kuwa kosa.

Kwanza tuseme kidogo juu ya istilahi. Masalia ni neno la kitenzi -saa, yaani kubaki, kama vile reliquiae litokavyo katika relinquere, kuacha nyuma. Sikio la Mswahili laweza kusikia humo pia -salia ya kusali, kumwombea mtu au kuomba penye mahali fulani. Mlandano huo ni wa sauti tu, wala si wa asili, ingawa katika muktadha huu haudhuru chochote. Kilatini chenyewe hakikuridhika na jina moja. Vitu hivi viliitwa pia pignora, yaani rehani, kana kwamba mtakatifu ameweka sehemu ya mwili wake mikononi mwa waumini mpaka siku ya ufufuo atakapokuja kuikomboa; na viliitwa patrocinia, yaani himaya, kwa kuwa aliyekuwa na masalia alikuwa na mlinzi.

Haja ya kuviwekea majina ilikuwa kubwa kuliko tuwezavyo kudhani leo. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 401, huko Afrika ya Kaskazini, ulikwisha agiza kwamba altare zilizojengwa pasipo mwili wala masalia ya mashahidi zibomolewe. Basi kila kanisa lilihitaji masalia, na masalia yalihitaji jina. Mfupa wa shahidi haupambanuki na mfupa wa mtu mwingine yeyote. Lebo ikipotea, kilichobaki ni mfupa.

Makusanyo makubwa ya lebo hizi si mengi. Lile la kanisa kuu la Sens, nchini Ufaransa, lilichapishwa na Prou na Chartraire mwaka 1900. Lile la Lateran mjini Roma lilitoka katika sanduku la mbao za mvinje lililokuwa chini ya altare ya kanisa dogo liitwalo Sancta Sanctorum, ambalo lilifunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Monza, Italia, zimehifadhiwa lebo za mafunjo za mafuta yaliyoletwa kutoka makaburi ya mashahidi wa Roma kwa ajili ya Malkia Theodelinda, zama za Papa Gregori wa Kwanza (590–604). Lakini kwa msomi wa lugha hakuna kusanyiko la kufurahisha kama lile la Chelles, mashariki ya Paris, lililopatikana mwaka 1983 ndani ya makasha ya kale ya masalia, na ambalo ni la lebo zaidi ya 100. Monasteri ya Chelles iliasisiwa katikati ya karne ya 7 na Malkia Balthild, mwanamke wa Kianglosaksoni aliyefika Ufaransa akiwa mtumwa, na baadaye iliongozwa na Gisela, dada wa Mfalme Karolo Mkuu. Bernhard Bischoff alionyesha mwaka 1957 kwamba watawa wa kike wa hapo walikuwa na chumba chao cha kunakili vitabu, na kwamba walimwandikia Askofu Mkuu Hildebald wa Cologne. Kwa hiyo si ajabu tukisema kwamba baadhi ya mikono tuionayo katika lebo hizo ni mikono ya wanawake.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Fomula iliyozoeleka ni hii: hic sunt reliquias, kisha jina la mtakatifu, likitanguliwa na sci, ambacho ni kifupisho cha sancti chenye kistari juu yake. Mwanafunzi yeyote wa Kilatini atalalamika hapo. Kitenzi sunt, “wako” au “ziko”, hakina yambwa. Kinahitaji kiima, na kiima cha wingi cha neno hili ni reliquiae. Reliquias ni umbo la yambwa.

Katika lebo zinazoanza moja kwa moja kwa reliquias, bila kitenzi, mtu angeweza kumwokoa mwandishi kwa kudai kwamba pana kitenzi kilichofichwa: “pokea”, au “tumeweka”, masalia ya fulani. Hoja hiyo huanguka mara tukutanapo na hic sunt. Hapo hakuna pa kujificha. Mwandishi ametumia -as kuwa kiima, ametumia kwa makusudi, naye hakuwa peke yake, maana umbo hilo limezagaa katika maandishi mengi ya zama hizo.

Kuhusu asili yake wataalamu wamegawanyika. Wako wasemao kwamba umbo la yambwa lilipanuka polepole likameza kiima, kama ilivyotokea kwa nomino nyingi katika lugha zilizozaliwa na Kilatini. Wengine wamekumbusha kwamba lugha jirani za Italia ya kale, Kioski na Kiumbri, zilikuwa na kiima cha wingi chenye -s tangu zamani, na kwamba umbo hilo laonekana hapa na pale katika Kilatini cha kale chenyewe, kabla ya kanisa kuwako. Pengine njia zote mbili zilikutana. Lililo muhimu kwetu ni mwisho wa safari: Mhispania asemapo casas, “nyumba”, ikiwa kiima au yambwa, hutamka -as ileile aliyoiandika mtawa wa Chelles. Kumbe lebo hizi hazikukosea Kilatini. Ziliandika lugha iliyokuwa ikisemwa.

Ushahidi huu una thamani kwa sababu ya unyonge wa lebo zenyewe. Sisi tunaoshughulika na miswada ya tenzi za pwani twaujua vyema mkono wa mnakili: kila anayenakili husahihisha, au hudhani anasahihisha, hata lahaja ya mtunzi ikazimika chini ya lahaja ya mnakili. Vitabu vya Kilatini vilipatwa na hayo kwa kiasi kikubwa zaidi, hasa baada ya waraka wa Karolo Mkuu wa mwaka 789 kuagiza vitabu vya kanisa visahihishwe. Lakini nani angejisumbua kusahihisha kipande cha ngozi kilichokwisha kufungwa juu ya mfupa na kutiwa ndani ya kasha? Kilibaki kama kilivyoandikwa. Miaka 24 baadaye, mwaka 813, Mtaguso wa Tours uliwaagiza maaskofu watafsiri hotuba zao kwa lugha ya watu, yaani kukiri kwamba Kilatini kilichosahihishwa hakieleweki tena na wengi. Lebo zilikuwa zimekwisha shuhudia jambo hilo kimyakimya. Nasi tunaopima usemi wa Mombasa au wa Lamu kwa kipimo cha usanifu uliokubaliwa tangu 1930, na kuita “kosa” kila kisicholingana nao, tungefaidika kwa kuketi kitambo na reliquias.

Kuna lebo fupi zaidi, ambazo hazina hata neno reliquias. Zina jina tu katika hali ya umilikishi: sancti fulani, yaani “-a mtakatifu fulani”. Hapa Kiswahili chatufunulia kitu ambacho Kilatini kilikificha. Jaribu kuitafsiri lebo hiyo na utakwama palepole penye upatanisho. Tuseme wa mtakatifu? Basi ni mfupa. Cha mtakatifu? Labda kitambaa. Ya? Mafuta. La? Jiwe. Ngeli zetu hazituruhusu kumilikisha kitu pasipo kudokeza ni kitu gani, ilhali umilikishi wa Kilatini wakaa kimya kabisa.

Kimya hicho kilikuwa na faida yake. Mwaka 594 Malkia Constantina wa Konstantinopoli alimwomba Papa Gregori kichwa cha Mtume Paulo. Papa alikataa, akieleza kwamba desturi ya Roma si kugusa miili ya watakatifu bali ni kutoa kitambaa kilichowekwa karibu na kaburi. Gregori wa Tours, mwandishi wa zama hizohizo, asimulia kwamba kitambaa kilichoteremshwa penye kaburi la Mtume Petro kilipimwa uzito kabla na baada, na kilitoka kizito zaidi kikiwa kimejaa neema. Kwa watu wenye imani hiyo, mfupa na kitambaa vilistahili umilikishi mmoja, na swali la ngeli halikuzuka.

Pale ambapo asili ya kitu ilikuwa mahali wala si mtu, lebo zilitumia kihusishi de, “kutoka”: kutoka mti wa msalaba, kutoka kaburi la Bwana. Michael McCormick, katika kitabu chake cha 2001 juu ya uchumi wa Ulaya ya kale, alizitumia lebo za Sens na Chelles kuchora ramani ya mawasiliano kati ya nchi ya Wafaranki na Italia, Palestina na Misri. Kihusishi hicho kidogo, ambacho baadaye kilichukua kazi yote ya umilikishi katika Kifaransa na Kihispania, kikawa hati ya safari.

Limebaki neno la kwanza la fomula, hic. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua kati ya hapa, huku na humu, na kwa maoni yangu ni humu pekee kufaako: “humu mna masalia”. Mwandishi alikusudia undani wa kifurushi. Lakini humu ni neno linalotegemea pale liliposimama. Lebo nyingi leo zimetenganishwa na vifurushi vyake, zimenyooshwa na kuhifadhiwa kama nyaraka, na kila moja yasema “humu” pasipo kuwa na undani wowote.

Lilitokea pia kinyume chake: masalia yakabaki na jina likapotea, kwa moto, kwa unyevu, au kwa wizi. Mtunzaji wa kasha hakuyatupa. Alichukua kipande kipya cha ngozi, akaandika kwamba humu mna masalia ya watakatifu ambao majina yao Mungu anayajua, akakifunga.