Tiba ya nguvu za kiroho: ongeza, usiache dawa

Je, mtu akikuwekea mikono, akakuombea au akakugusa bila kukupa dawa yoyote, unaweza kupona?

Swali hili linawahusu wengi hapa Nkungu, Wilaya ya Rusizi, eneo ambalo wazee bado wanaliita Cyangugu. Kituo cha mpito cha Nyarushishi hupokea watu wanaovuka kutoka Kongo. Wengi wanafika na jeraha ambalo haliwezi kufungwa kwa bandeji: hawalali, moyo unawaenda mbio, mlango ukigongwa wanaruka. Wenyeji nao wanalijua jeraha hilo. Katika kilima hichohicho, mwaka 1994, maelfu ya Watutsi waliokuwa wakiwindwa walikusanywa katika kambi ya Nyarushishi. Wanyarwanda wana neno lao kwa hali hiyo ya akili kushtuka na kukosa utulivu: ihahamuka.

Mtu aliye katika hali hiyo hutafuta msaada popote. Kuna mchungaji anayeombea, shehe anayesoma ruqya, mganga wa kienyeji, na siku hizi kuna watu wanaosema wanatibu kwa "nishati". Makala hii inaeleza tiba hizo ni nini, zimepimwa vipi, na wakati gani zinaweza kukuletea madhara.

Nishati inayosemwa ni ipi?

Mojawapo ya tiba za nishati zinazojulikana zaidi duniani ni Reiki. Ilianzishwa na Mikao Usui huko Japani mwaka 1922. Mtabibu huweka mikono juu ya mwili wa mgonjwa au karibu nao, akiamini kwamba nguvu ya uhai inapita kwake na kuingia kwa mgonjwa. Nyingine ni tiba ya mguso, iliyoanzishwa Marekani miaka ya 1970 na Dolores Krieger, aliyekuwa mwalimu wa wauguzi, pamoja na Dora Kunz. Watabibu wake husema wanaihisi nishati ya mgonjwa kwa viganja, hata bila kumgusa.

Dai hilo lilipimwa na mtoto wa shule. Emily Rosa, msichana wa Marekani aliyekuwa na miaka 9, aliweka ubao wenye matundu mezani. Mtabibu alipitisha mikono yake miwili upande wa pili, bila kumwona mtoto. Emily alirusha sarafu, kisha akaweka kiganja chake juu ya mkono mmoja wa mtabibu na kumwuliza: ni mkono upi? Watabibu 21 walijibu mara 280 na wakapatia mara 123, yaani asilimia 44. Mtu anayebahatisha tu angepata karibu nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani.

Kwa hiyo, nishati yenyewe haijathibitishwa. Lakini hilo halina maana kwamba mgonjwa aliyesema "nimepata nafuu" alikuwa anadanganya. Ushahidi wa karibu zaidi unatoka hapahapa Rwanda.

Yaliyojaribiwa Rwanda

Mwaka 2011, watafiti Suzanne Connolly na Caroline Sakai walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na watu wazima 145 walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Walitumia tiba iitwayo kwa kifupi TFT. Mgonjwa hukumbuka jambo linalomtesa huku akigonga kwa vidole sehemu fulani za uso, kifua na mkono. Mwanzilishi wake alisema kugonga huko kunarekebisha nishati ya mwili. Waliotoa tiba walikuwa Wanyarwanda waliofundishwa kazi hiyo. Waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya miaka miwili.

Habari hiyo ni njema, ila ina sehemu ya pili. Mwaka 2003, Wendy Waite na Mark Holder wa Kanada walijaribu tiba ya kugonga inayofanana na hiyo kwa wanafunzi wa chuo kikuu wenye hofu. Kundi moja liligonga sehemu "sahihi". Kundi jingine liligonga sehemu zisizo sahihi. Kundi la tatu liligonga mwanasesere. Makundi yote matatu yalipungukiwa na hofu kwa kiwango kinacholingana, na yote yalizidi kundi ambalo halikufanya lolote.

Hapo ndipo fundisho lilipo. Inaelekea kinachosaidia si sehemu inayogongwa wala nishati. Ni kukaa mahali salama na mtu mtulivu, kulitazama jambo linalotisha bila kulikimbia, na kuupa mwili kazi ndogo wakati moyo unapokwenda mbio.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Hapakuwa na nishati yoyote. Wakimbizi wenzao walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kusimulia maisha yake kwa mpangilio, na dalili za mshtuko zilipungua. Sikio la jirani aliyefundishwa ni tiba.

Hatari inaanzia wapi?

Hatari haianzi kwenye maombi. Inaanza pale mtu anapoambiwa: "Umeshapona, tupa dawa."

Afrika Mashariki inakumbuka mwaka 2011. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Tanzania, kwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha mti huo, na kwamba dawa inafanya kazi ikitolewa kwa mkono wake tu. Watu walitoka Kenya, Uganda na mbali zaidi, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walitolewa hospitalini kupelekwa huko, na wapo waliofia njiani. Baadhi ya watu wenye VVU waliacha dawa zao wakiamini wamepona. Virusi havikuondoka.

Yafuatayo hayangoji, hata kama unaombewa:

Dawa za VVU na kifua kikuu. Ukiziacha, ugonjwa unarudi na unaweza kuwa sugu, dawa zile zile zisikusaidie tena.

Dawa za kifafa. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi na si pepo.

Insulini. Mgonjwa wa kisukari anayeihitaji anaweza kufa ndani ya siku chache bila hiyo.

Mtoto mwenye homa na degedege. Inaweza kuwa malaria kali. Mpeleke kituo cha afya kwanza. Mtamwombea mkiwa njiani.

Aliyebakwa, vitani, safarini au hapa. Dawa ya kuzuia VVU inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku 5. Saa hizo zikipita kwa kufunga na kuomba, hazirudi. Nenda kituo cha afya, au uliza kuhusu huduma ya Isange katika hospitali ya wilaya. Si lazima umweleze kila mtu njiani kilichotokea.

Anayesema anataka kujiua, au anayesikia sauti zinazomwamuru. Usimwache peke yake, usimfunge kamba na usimnyime chakula. Mpeleke kwa wahudumu wa afya.

Ukiamua kwenda kwa anayetibu kiroho

Ni haki yako. Imani imewabeba wengi kuvuka mto, na hakuna daktari mwenye busara atakayekudharau kwa hilo. Lakini jiulize maswali haya:

Anakubali uendelee na dawa za hospitali? Akikataa, ondoka.

Anadai pesa, kadi ya chakula au simu yako kabla ya "kufungua" tiba? Ondoka.

Anataka kubaki peke yake na wewe au na mtoto wako, au kukugusa mahali usipotaka? Ondoka na utoe taarifa. Tiba haihitaji uvue nguo gizani.

Anamtaja jirani au mtoto kuwa mchawi aliyekuloga? Usikubali. Maneno hayo yamevunja familia na kuwaponza watoto wasio na kosa.

Anakusikiliza, anakutuliza, na kukukumbusha siku yako ya kliniki? Huyo ni msaada. Mwambie pia mhudumu wa afya kuwa unakwenda kwake, hasa kama unapewa mitishamba, kwa sababu mingine hugongana na dawa za hospitali.

Unaloweza kufanya leo usiku

Ukishtuka usingizini, kaa na uweke miguu yote miwili chini. Weka mkono kifuani. Vuta pumzi taratibu ukihesabu hadi 4, itoe taratibu zaidi ukihesabu hadi 6. Taja vitu vitano unavyoviona na mahali ulipo: "Niko Nkungu. Usiku ule umepita." Kama una sala yako, isali hapo. Haina gharama wala madhara, na inaupa mwili nafasi ya kutulia.

Lakini kama wiki zinapita hulali, huli, au unakunywa pombe ili usahau, mwone mhudumu wa afya wa jamii, umujyanama w'ubuzima, au mhudumu wa afya kituoni ulipo. Anaweza kukuelekeza kituo cha afya, na kutoka hapo hadi hospitali ya wilaya, Gihundwe au Mibilizi. Kwa dharura piga 912, namba ya gari la wagonjwa.

Na wewe mchungaji, shehe au mama wa maombi unayesoma hapa: watu wanakuja kwako kabla ya kwenda kwa daktari. Neno lako moja, "meza dawa yako, mimi nitaendelea kukuombea", linaweza kuokoa maisha ya mtu.