Umeuziwa Samaki wa Kufura? Cheki Kama ni Fahaka Kabla Amalize Wenzake

Manze, ulienda kutafuta samaki wa kupamba keja, ukauziwa kamoja kadogo kanene, macho yanazunguka ka ya kinyonga, ukaambiwa tu ni bunju. Kabla ukatupe ndani na wale wengine, angalia mbavu. Ukiona mistari ya manjano na kahawia imelala kutoka kichwani kuelekea mkiani, na macho ni mekundu, hiyo ni fahaka. Huyu ni wa mto Nile, na hata huku kwetu Ziwa Turkana yuko, so wachana na story ya kumwekea chumvi ya bahari.

Shida ni hasira. Akikomaa anafika sentimita 40, na samaki yeyote utamwekea ni lunch. Anakaa solo, kwa tangi ya lita 400 kwenda juu, mchanga laini chini, juu anapenda kujizika abaki macho tu.

Meno yake hayaachi kumea. Ukimlisha vitu laini pekee yatarefuka hadi ashindwe kufungua mdomo, afe njaa. Mpe konokono na kaa na maganda yao. Maji anachafua vibaya, so badilisha karibu nusu kila wiki.

Na buda, usimtoe nje ati afure ndio upige video. Akimeza hewa inaweza kukwama ndani. Ukimhamisha tumia ndoo, sio wavu. Kumpika pia usijaribu: ana sumu, na moto hauimalizi.