Nukta Yenye Miguu Sita

Sokoni Busia, mahindi ya Uganda yanapoingia kwa wingi, mnunuzi mzoefu haulizi bei kwanza. Hufungua mdomo wa gunia, akatumbukiza mkono hadi kiwiko, akautoa na kuutazama. Mkono ukitoka mweupe kwa vumbi la unga, atasema, "Mama, huyu Osama ameingia," na muuzaji hatabisha, maana naye anaujua unga ule unatoka wapi.

Huyo Osama ndiye dumuzi, mbawakawa wa milimita 3 hadi 4.5. Usimchanganye na fukusi. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga, ilhali dumuzi kichwa chake kimeinama chini ya kifua, hukioni ukimtazama kwa juu. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na hata leo hategemei ghala peke yake, kwa sababu mti mkavu wa porini nao huutoboa akaishi. Mwaka 1878 daktari mmoja wa Philadelphia, George Horn, alimweleza kitaalamu na kumwita *truncatus*, yaani aliyekatwa, kwa kuwa nyuma mwili wake umekatika ghafla kama gogo lililopitishwa msumeno. Miaka mia moja ikapita. Wakulima wa Tabora wakaanza kupoteza mahindi na mihogo mikavu kwa mdudu mgeni kabisa kwao. Mtaalamu alipomtambua kuwa ni yule wa Horn, ikajulikana mara moja kwao ni wapi na adui yake atafutwe wapi. Dumuzi aliingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983. Mwaka 1992 Kenya ikaachilia mbawakawa mwingine, *Teretrius nigrescens*, mwindaji wa mabuu ya dumuzi, ambaye asili yake ni kulekule Amerika ya Kati. Mwindaji huyo hakulimaliza tatizo la ghalani. Lakini bila lile jina la 1878 hakuna ambaye angejua pa kuanzia.

Nimetangulia na dumuzi ili kuonyesha jina la mdudu lina faida gani. Watu wengi wakisikia "spishi mpya imegunduliwa" humfikiria mtafiti msituni akiinua jani na kupiga kelele ya furaha. Kwa wadudu wadogo, mara nyingi ugunduzi hufanyika mezani, na huenda yule aliyemwokota mdudu alikwishastaafu zamani.

Mfano wa wazi tunao hapa Kenya. Mwaka 1964 na 1965 mwanasayansi William Block alikusanya sampuli za udongo na majani yaliyooza katika Afrika Mashariki. Mwaka 1978 zikaingia katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Mle ndani alikuwamo mbawakawa wa Nairobi mwenye urefu wa milimita 0.79, rangi yake ya dhahabu iliyopauka, bila macho wala mabawa. Punje ya wimbi ni kubwa kuliko yeye. Zaidi ya miaka 50 alikaa bila jina, mpaka Michael Darby alipomchunguza, na Oktoba 2019 akatangazwa katika jarida la *Entomologist's Monthly Magazine* kwa jina la *Nelloptodes gretae*. Jina hilo ni kwa heshima ya Greta Thunberg, yule binti wa Sweden anayepigania mazingira. Vipapasio virefu vya mdudu vilimkumbusha Darby nywele za Greta zilizosukwa.

Ukoo wake huitwa Ptiliidae, na ndio wenye mbawakawa wadogo kuliko wote duniani. Yupo mmoja wa Amerika, *Scydosella musawasensis*, ambaye urefu wake huanzia milimita 0.325. Kwa mwili mdogo hivyo hewa huwa nzito kama uji, na bawa lake ni kijiti chembamba kilichozungukwa na nywele, mithili ya unyoya. Wengi wao hula mbegu za kuvu zinazoota kwenye majani yanayooza. Jike hubeba yai moja tu kwa wakati mmoja, maana yai lenyewe linakaribia nusu ya urefu wa mama.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Katika ukoo huu, spishi moja inaweza kuwa na sura mbili: wengine wana macho na mabawa ya kuhamia kwenye majani mapya, wengine ni vipofu wasioruka, wa kukaa walipozaliwa. Mtu mwenye haraka akimpata kipofu atamwita spishi mpya, kumbe ni ndugu wa yule anayeruka ambaye ana jina tayari. Kwa hiyo mtaalamu humpasua. Kwa jike huangalia kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume, kwa dume huangalia kiungo cha uzazi, kwa kuwa maumbo ya sehemu hizo hutofautiana sana kati ya spishi na spishi. Kisha humlinganisha na vielelezo vya spishi zote za jirani. Akiridhika, huteua mdudu mmoja kuwa holotaipu, kielelezo kitakachobeba jina hilo daima. Hata baada ya miaka 200, mwenye shaka atamrudia mdudu huyuhuyu.

Jina nalo lina kanuni zake. Likimheshimu mwanamke huishia *-ae*, mwanamume *-i*, na likitaja mahali mara nyingi huishia *-ensis*. Mimi jina la *gretae* nalikubali, ni jina halali na limewafanya watu wengi kumtazama mdudu ambaye wasingemtazama. Ila nataka sana kuona majina yanayoishia *-ensis* yakitoka Samia, Teso na Kakamega, yametolewa na watu waliozaliwa huku. Kanuni haimzuii yeyote, kinachotakiwa ni saa nyingi mbele ya hadubini.

Vifaa vya kuanzia si ghali. Mwaka jana nilichota majani yaliyooza chini ya mkuyu, upande wa Funyula, ambako vilima vya Samia vinaanza kupanda. Nilikata dumu la mafuta la lita 5 likawa faneli, nikaweka wavu mdomoni, nikamimina majani juu ya wavu na kuning'iniza balbu ya kawaida juu yake. Chini nikaweka kikombe cha spiriti. Wadudu wa majani hukimbia joto na ukavu, hivyo hushuka na kushuka hadi wakaanguka. Siku ya kwanza wakaanguka utitiri na wadudu warukao, kisha siafu wawili. Siku ya tatu, chini ya lenzi, nikaona kitu nilichodhani ni mchanga, nikakigeuza kwa ncha ya brashi. Kilikuwa na miguu sita, na kila kipapasio kina vinundu vitatu mwishoni vyenye nywele ndefu, alama ya Ptiliidae. Nilikaa naye hadi usiku.

Ukijaribu nawe, jambo moja usilisahau. Ndani ya kichupa weka kijikaratasi chenye mahali, tarehe, chini ya mti gani, na jina la aliyekusanya. Andika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti, na mdudu asiyejulikana ametoka wapi hawezi kuwa holotaipu ya kuaminika. Kisha mpeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Huko wanahifadhi wadudu.