Pua huanza kula kabla ya kinywa

SAA kumi na mbili jioni, abiria ashukapo matatu mtaani hulakiwa na harufu za kila aina: mahindi yakichomwa kwenye makaa, chapati zikigeuzwa kikaangoni, viazi vikitumbukizwa katika mafuta moto na nyama ikichuruzika mafuta juu ya jiko.

Huenda alikuwa ameazimia kwenda nyumbani moja kwa moja akale ugali na sukuma wiki. Lakini hatua chache tu baadaye anajikuta akipapasa mfuko kutafuta pesa, ilhali dakika moja iliyotangulia hakuwa na habari ya njaa.

Je, ni nini kilichombadilisha nia?

Kiswahili chenyewe hutenganisha kunukia na kunuka. Pilau hunukia, samaki aliyeoza hunuka. Tofauti hiyo ndogo ya matamshi ndiyo kazi ambayo pua hufanya kila siku: kuamua kipi kiingie tumboni na kipi kitupwe.

Chakula kinapopata moto, chembechembe ndogo mno hupaa hewani na kuingia puani. Juu kabisa ndani ya pua mna seli zenye vipokezi vya harufu, na binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi hivyo. Utafiti kuhusu vipokezi hivi, uliochapishwa mwaka wa 1991, ndio uliowapa wanasayansi wa Marekani, Richard Axel na Linda Buck, Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004.

Kutoka hapo, habari hupelekwa katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya iliki na bizari humrejesha aliyelelewa Mombasa jikoni kwa mamake, naye aliyekulia Bonde la Ufa hutamani mursik kwa kunusa tu kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Mgeni asiyeizoea harufu hiyo huenda akasita.

Mazoea hayo huanza mapema mno. Utafiti wa Julie Mennella na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2001, ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha walikipokea vizuri zaidi chakula chenye ladha ya karoti.

Mwili nao haungoji tonge lifike mdomoni. Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1904 kwa kazi yake kuhusu usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa aliyeona na kunusa chakula alitokwa na mate, na tumbo lake likaanza kutoa maji ya kusaga chakula kabla hajala chochote. Hali ni hiyo hiyo kwa binadamu. Mate yakikujaa kinywani ukipita karibu na choma, tumbo tayari limeandaliwa karamu.

Isitoshe, sehemu kubwa ya kile tuitacho ladha ni harufu. Ulimi hutambua mambo machache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolezi wa mchuzi wa nyama. Mengine yote hupanda kutoka kinywani hadi puani kupitia nyuma ya koo. Ukitaka kuthibitisha, bana pua kisha utafune kipande cha embe: utahisi utamu, lakini uembe wenyewe utatoweka.

Wafanyabiashara wanaujua udhaifu huu. Si ajabu jiko la choma kuwekwa mlangoni badala ya uani.

Hata hivyo, harufu haina nguvu ile ile muda wote. Dipayan Biswas na Courtney Szocs, katika utafiti waliochapisha nchini Marekani mwaka wa 2019, walibaini kwamba walionusa biskuti kwa muda usiozidi sekunde 30 walielekea kuzichagua. Walioinusa harufu hiyo kwa zaidi ya dakika mbili walielekea kuchagua matunda, kana kwamba pua ilikuwa imekwisha kushiba kwa niaba ya tumbo.

Funzo ni kwamba uchu wa ghafla si amri. Anayejitahidi kupunguza uzani, au aliyeshauriwa na daktari apunguze mafuta na sukari, asipite penye vishawishi akiwa na njaa kali. Ndizi moja kabla ya kutoka kazini yaweza kumwokoa. Harufu ikimnasa, asikimbilie kununua papo hapo. Aipe dakika chache.

Kuna upande wa pili ambao aghalabu husahaulika, nao ni wa wasiosikia harufu. Janga la Covid-19 lilipoenea mwaka wa 2020, watu wengi walipoteza uwezo wa kunusa, na chakula walichokipenda kikawa kama makapi mdomoni.

Wazee nao hupungukiwa na uwezo huu kadiri umri unavyosonga. Ajuza anayesukuma sahani kando na kudai mchuzi hauna ladha huenda hana kiburi wala hamdharau mkaza mwana aliyeupika. Pua yake imechoka. Wengine huongeza chumvi kupita kiasi ili kufidia pengo hilo, jambo lililo hatari kwa mwenye shinikizo la damu.

Badala ya chumvi, mpishi aweza kutumia dania, tangawizi, kitunguu saumu au ndimu, kisha aandae chakula kikiwa moto kwa sababu mvuke hubeba harufu. Kwa mgonjwa anayechafukwa na moyo, kama vile anayetibiwa saratani, mambo hugeuka: chakula kilichopoa hunukia kidogo, naye asikalishwe karibu na jiko.

Anayepoteza uwezo wa kunusa ghafla bila mafua, au anayekataa chakula siku nyingi, amwone daktari. Lakini kabla ya kumlaumu mtu kwa ulafi au kwa kususia chakula, ni vyema kuuliza kwanza pua yake imemwambia nini.