Petroli ya Kadogo, Betri ya Jumla

Leaf, gari la umeme la rafiki yangu, humsalimu kwa Kijapani. Kila akiiwasha, sauti ya dada mpole hutoka kwenye dashibodi, na mpaka leo hajui huambiwa nini. Ramani nayo humwonyesha mitaa ya Japani, ilhali yeye yuko Donholm anatafuta soketi. Alichojifunza kusoma ni vijiti vilivyo kando ya geji. Gari hilo likitoka kiwandani huwa navyo 12. Si vya chaji iliyomo, ni vya afya ya betri yenyewe, na kijiti kikizima ndiyo basi. Lake lilishuka Mombasa likiwa na tisa.

Kwenye yadi alijiona mjanja. Bei haikupita sana ile ya gari dogo la petroli la umri huo. Toleo hilo la kwanza lina betri ya kilowati-saa 24, na likiwa jipya kabisa Wamarekani walilipimia kilomita 117 kwa chaji moja. Vijiti vitatu vikishaondoka, umepoteza zaidi ya robo. Ongeza mlima, mvua na foleni ya Jogoo Road usiku taa zikiwaka, utaelewa kwa nini siku hizi hafiki Thika bila kuuliza kwanza nani huko ana soketi.

Sisemi hivi kuubeza mpango wa serikali wa magari ya umeme. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Mkakati wa 2020 ukaweka lengo: ifikapo 2025, asilimia tano ya magari yanayosajiliwa Kenya yawe ya umeme. Mwaka 2023 ikaja bei maalumu ya stima ya kuchajia, shilingi 16 kwa uniti, na nane usiku. Hoja ya usiku ina mashiko, maana nchi ikilala matumizi hushuka, na huko Olkaria mvuke ambao ungezungusha mitambo huachiliwa upotelee hewani. Afadhali uingie kwenye betri.

Lakini 2025 imekuja ikapita, na ukisimama Thika Road asubuhi moshi ni ule ule. Watu husema magari haya ni ghali. Mimi naona ghali si neno lenyewe. Aliyepanga alipiga hesabu ya miaka minane: stima rahisi, hakuna oili ya kumwaga, mwishoni unaokoa. Mnunuzi hupiga hesabu ya leo. Huku kwetu sukari hupimwa kwa kijiko, mafuta ya kupikia hupimwa kwa kibaba, na mtu wa boda huweka petroli ya shilingi 200, akabeba abiria wawili, akaweka nyingine. Hata Oktoba 2023, lita ilipofika shilingi 217 na senti 36 Nairobi, alinung'unika kisha akanunua kadogo. Betri haina kadogo. Ni mafuta ya miaka yote unayouziwa siku moja, asubuhi, kabla hujabeba mteja hata mmoja.

Ndiyo maana kilichotembea ni kile kilichokatwa vipande. Tazama mwendesha boda wa umeme akifika kituo cha kubadilishia betri: anainua kiti, anaishika betri kwa mpini, anaitoa kwa kukaza mgongo, anaisukuma ndani ya kabati na kuchomoa nyingine iliyojaa. Kabla chai ya jirani haijapoa ameshaondoka. Betri si yake, ni ya kampuni. Yeye hulipia alichotumia. Hakuna aliyemhubiria tabianchi. Shida yake ni nyingine: betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Akiambiwa "Kitengela", hutazama asilimia kwanza, na mara nyingine humwachia mwenzake wa petroli mteja mnono. Septemba 2023 Rais Ruto, akiwa Mombasa, alitaja pikipiki 200,000 za umeme kufikia mwisho wa 2024. Hazikukaribia. Nadhani walihesabu pikipiki, wakasahau kuhesabu makabati.

Mabasi yalifuata njia hiyo hiyo. Kampuni ya mabasi ya umeme ya BasiGo ilipoingia Nairobi mwaka 2022 iliwauzia wenye matatu basi la viti 25 kwa takriban shilingi milioni tano bila betri, bei inayokaribiana na ya dizeli, kisha betri na chaji zikalipiwa shilingi 20 kwa kilomita. Mwenye matatu anaielewa lugha hiyo, kwa sababu hesabu ya jioni ndiyo dini yake. Anachouliza ni stima ikipotea itakuwaje, na ana haki: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Nairobi.

Gari la mtu binafsi ndilo halijapata wa kulikata vipande. Benki inataka dhamana, gorofa haina soketi penye maegesho, na vijiti vinazidi kuzima.

Juzi nilimsindikiza rafiki yangu kwa fundi mmoja Industrial Area. Betri ilikuwa imeshushwa, imefunguliwa mezani kama redio, moduli 48 za bati zimepangwa kama vitabu. Fundi alikuwa akizigusa moja moja kwa mita, akiandika volti kwa chaki juu ya kila bati. Zilizochoka, alieleza, huzivuta chini zilizo nzima. Akipata nyingine kutoka kwa Leaf iliyogongwa anaweza kubadilisha hizo tu. Alihesabu kumi na moja. Rafiki yangu akauliza bei ya moja, akatoa simu, akaangalia salio la M-Pesa.

"Weka nne," akasema. "Zingine mwisho wa mwezi."