Faili la Ofisi Linapogoma Kufunguka: Tabaka Nne za Uchunguzi katika Diski ya Pamoja

Ikisiri

Taasisi nyingi za utafiti na za ushauri wa sera huhifadhi rasimu, takwimu na mikataba yao katika diski ya pamoja inayofikiwa kupitia mtandao wa ofisi. Faili linaposhindikana kufunguliwa, watumiaji huwa na kauli moja tu: “mtandao umegoma.” Makala hii inaonesha kwamba kauli hiyo hubeba hitilafu za aina nne zisizofanana, yaani hitilafu ya njia, ya utambulisho, ya ruhusa na ya kufuli. Inaeleza namna ya kuzitenganisha kwa mpangilio, na inatetea hoja kwamba tiba ya haraka iliyozoeleka, ya kumfungulia kila mtu kila kitu, hunyamazisha lalamiko na kuiacha taasisi katika hatari kubwa zaidi.

1.0 Utangulizi

Diski ya pamoja ni sehemu ya hifadhi iliyomo katika seva, ambayo kompyuta za ofisini huiona kana kwamba ni diski yao wenyewe, aghalabu kwa herufi kama S au Z. Katika mfumo wa Windows, ambao ndio unaojadiliwa hapa, mazungumzo kati ya kompyuta na seva hufanywa kwa itifaki iitwayo SMB.

Kati ya mtumiaji kubofya faili na faili kufunguka, mfumo hujiuliza maswali manne kwa kufuatana. Je, seva inafikika? Anayeomba ni nani? Anaruhusiwa kufanya nini? Je, faili liko huru? Jibu baya katika swali lolote husimamisha safari, na maswali yanayofuata hayaulizwi. Kwa sababu hiyo, mchunguzi anayeanza na swali la tatu kabla ya kujibu la kwanza hupoteza muda, na pengine huharibu kilichokuwa kizima.

Windows huipa kila hitilafu namba. Seva isipofikika, namba ni 53. Jina au nywila ikikataliwa, ni 1326. Ruhusa ikikosekana, ni 5. Faili likiwa linatumiwa na mwingine, ni 32. Katika eneo letu jambo hili lina uzito wa pekee. Ujumbe wa kompyuta huweza kuandikwa kwa Kiingereza jijini Kampala na kwa Kifaransa jijini Bujumbura, lakini namba haibadiliki. Mtumiaji anayenakili namba humsaidia fundi kuliko anayesimulia maneno ambayo huenda hakuyaelewa.

Kabla ya hatua yoyote, maswali mawili ya awali hupunguza uwanja wa utafutaji. Swali la kwanza ni kama wenzake nao wameshindwa. Wote wakiwa wameshindwa, tatizo liko katika seva au mtandao. Akiwa ni mmoja, liko katika kompyuta au akaunti yake. Swali la pili ni kama mafaili mengine ya folda hiyohiyo yanafunguka. Yakifunguka, njia na utambulisho havina kosa, na uchunguzi uelekezwe katika ruhusa au kufuli.

2.0 Njia

Hitilafu ya njia humaanisha kwamba ombi halikuifikia seva. Katika dirisha la Windows, namba 53 huonekana mara nyingi ikiwa katika umbo la 0x80070035, ambalo ni namba hiyohiyo iliyoandikwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita. Hatua ya kwanza ni kuhakiki kwamba kompyuta imo katika mtandao wa ofisi, si katika mtandao wa wageni. Kisha seva ijaribiwe kwa jina lake na kwa anwani yake ya namba. Ikiitika kwa namba na kukataa kwa jina, kosa liko kwa anayetafsiri majina kuwa anwani, na diski yenyewe haina ila. Ikiitika kwa vyote viwili lakini folda haionekani, inafaa kuchunguza kama mlango namba 445, unaotumiwa na SMB, umezibwa na ukuta wa kinga.

Chanzo kingine ni kupishana kwa umri wa vifaa. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, hudai saini ya kiusalama katika mawasiliano ya SMB kwa matoleo yanayotumiwa maofisini. Kifaa cha zamani cha kuhifadhia mafaili kisichoweza kutoa saini hiyo huacha kufikika siku kompyuta inaposasishwa, ingawa hakuna aliyekigusa. Ushauri unaosambaa wa kurejesha toleo la kwanza la SMB ili kifaa hicho kifunguke haufai kufuatwa. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa toleo hilo, na kuvuruga kazi za hospitali nchini Uingereza, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huohuo. Dawa ya kudumu ni kusasisha kifaa au kukibadilisha.

3.0 Utambulisho

Seva ikifikika, hutaka kumjua anayebisha hodi. Hitilafu nyingi katika tabaka hili huzuka baada ya nywila kubadilishwa. Windows huweza kuwa imehifadhi nywila ya zamani na kuendelea kuituma bila mtumiaji kujua. Ikirudiwa mara nyingi, akaunti hufungwa. Tiba ni kufuta nywila iliyohifadhiwa, kisha kuingia upya.

Saa nayo ni shahidi. Katika ofisi ambazo akaunti zote husimamiwa na seva moja kuu, utaratibu wa utambulisho uitwao Kerberos hauvumilii, kwa mpangilio wa kawaida, tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya saa ya kompyuta na ya seva. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekwisha hupoteza saa kila umeme unapokatika, na mwenyewe hukataliwa ingawa nywila yake ni sahihi.

4.0 Ruhusa

Tabaka hili ndilo linalopotosha wengi, kwa kuwa ruhusa ziko mahali pawili: katika mlango wa folda ya pamoja, na katika faili au folda yenyewe ndani ya diski. Anayepitia mtandao hupimwa kwa zote mbili, na iliyo finyu zaidi ndiyo inayotawala. Mtafiti aliyepewa haki ya kuandika katika folda, huku mlango ukiruhusu kusoma tu, ataishia kusoma. Msimamizi anayejaribu faili hilo akiwa ameketi mbele ya seva hapitii mlango huo. Hulifungua bila tabu na kutangaza kwamba hakuna tatizo. Jaribio halali ni lile linalofanywa kutoka katika kompyuta ya mlalamikaji, kwa akaunti yake.

Mambo mengine mawili hustahili kukumbukwa. Kwanza, mtu akiingizwa katika kikundi chenye ruhusa, uanachama wake hutambuliwa anapoingia upya katika kompyuta. Aliyeongezwa asubuhi na hajatoka katika akaunti yake ataendelea kukataliwa. Pili, faili likihamishwa ndani ya diski ileile kwa kawaida hubaki na ruhusa zake za zamani, lakini likinakiliwa huchukua ruhusa za folda mpya. Rasimu iliyohamishwa kutoka folda ya mkurugenzi hadi folda ya wote huweza kuwagomea wote. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: orodha ya majina ya wahojiwa ikinakiliwa katika folda ya wote, huwa wazi kwa wote, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea kumwonya yeyote.

5.0 Kufuli

Faili linalotumiwa na mtu mmoja hufungwa ili mwingine asifute kazi yake. Programu ya Word, kwa mfano, huweka kando ya waraka faili dogo lililofichwa, linaloanza na alama ~$, ambalo huhifadhi jina la aliyeufungua. Umeme ukikatika ghafla, faili hilo huweza kubaki, na seva huweza kuendelea kwa muda kuamini kwamba waraka bado unatumika.

Msimamizi huweza kuona katika seva orodha ya mafaili yaliyofunguliwa na majina ya waliyoyafungua. Awasiliane kwanza na mhusika, kisha aondoe kufuli. Njia ya mkato ya kuhifadhi nakala yenye jina jingine huzaa rasimu mbili zinazokua kila moja upande wake. Katika kazi ya sera, ambapo kifungu kimoja huweza kubadilisha maana ya pendekezo, hasara yake huonekana siku waraka usio wa mwisho unapowasilishwa kuwa wa mwisho.

6.0 Gharama ya Tiba ya Haraka

Lalamiko likikaa muda mrefu bila jibu, kishawishi ni kukipa kikundi cha “kila mtu” udhibiti kamili wa folda. Tiba hii hugusa tabaka la tatu pekee. Kama kosa lilikuwa katika njia, utambulisho au kufuli, haisaidii kitu, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuiondoa.

Madhara yake ni ya aina mbili. Kwanza ni ya kiusalama: programu haribifu inayoingia katika kompyuta ya mtumishi mmoja huweza kuharibu kila faili ambalo mtumishi huyo ana haki ya kuliandika. Pili ni ya kisheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo humtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda zisifikiwe na wasiohusika. Taasisi iliyowaahidi wahojiwa usiri haiwezi kujitetea kwamba folda iliachwa wazi kwa sababu mtumishi mmoja alishindwa kuifungua.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Hitilafu ya kufikia faili ni swali moja kati ya manne lililopata jibu baya. Makala inapendekeza mambo matatu. Mosi, fomu za kuripoti hitilafu ziandikwe kwa Kiswahili na zitumie istilahi nne: njia, utambulisho, ruhusa na kufuli, pamoja na nafasi ya kuandika namba ya hitilafu. Pili, ruhusa zitolewe kwa vikundi vinavyolingana na majukumu, na zipitiwe kila mradi unapofungwa au mtumishi anapohama. Tatu, kila ruhusa ya dharura iandikwe pamoja na tarehe ya kuondolewa kwake na jina la atakayeiondoa. Hatua hizi hazihitaji ununuzi wa mtambo mpya. Zinahitaji uongozi wa taasisi ukubali kwamba kuamua nani afungue faili gani ni uamuzi wa kiutawala, ambao fundi huutekeleza tu.